Sikuzidisha

Jumanne ya tarehe 16 Agosti 2022 nilikuwa nimeketi nje ya duka la M-Pesa, nikimsubiri mwenye duka atafute floti, simu mkononi. Jana yake, katika ukumbi wa Bomas jijini Nairobi, Wafula Chebukati, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi ya Kenya, alikuwa amemtangaza William Ruto kuwa rais mteule. Sasa makamishna wanne kati ya saba wa tume ileile walikuwa katika hoteli ya Serena wakiyakana matokeo. Makamu mwenyekiti, Juliana Cherera, alisoma taarifa yao. Ukijumlisha asilimia za wagombea wanne, walisema, unapata 100.01. Na hiyo 0.01 iliyozidi ni takriban kura 142,000.

Ujumbe ulinifikia ukiwa tayari umetafuniwa: picha ya karatasi ya taarifa, duara jekundu kwenye namba, mishale, alama za mshangao. Niliutuma kwa kundi la walimu wa shule yetu, kundi la ukoo na kundi la wenzangu wa chuo. Kisha nikauweka kwenye statasi na kuongeza maneno mawili yangu mwenyewe: "Hesabu haidanganyi."

Mimi ni mwalimu wa Hesabu. Asilimia naifundisha kila mwaka, na desimali naisahihisha mpaka ndotoni. Lakini siku ile sikuzidisha. Nilimpigia kura Raila Odinga, aliyetangazwa kuwa wa pili, sioni haja ya kuficha, na namba ile ilikuja ikiwa na ladha niliyoitamani. Mtu mwenye njaa hakagui sufuria.

Shule zilikuwa zimefungwa tangu tarehe 2 kwa ajili ya uchaguzi, na siku ya kufungua ikasogezwa zaidi ya mara moja wakati nchi ikisubiri matokeo. Vijana wetu walirudi tarehe 18. Ni shule ya bweni ya wavulana, upande wa Njoro, Kaunti ya Nakuru, na ndani yake wamo Wakikuyu, Wakalenjin, Waluo, Wakisii, Waluhya na wengine ambao ukiwauliza wanakuambia tu "mimi ni wa Nakuru". Simu hairuhusiwi. Wageni wakitutembelea husema tuna bahati, watoto wetu wamekingwa na upuuzi wa mitandaoni. Hawajawahi kulala zamu.

Wanafunzi wale walikuwa wamekaa nyumbani wiki mbili na zaidi wakiwa na simu za mama, za kaka, za jirani. Juni mwaka huo mtafiti Odanga Madung wa Mozilla Foundation alikuwa ametoa ripoti kuhusu TikTok na siasa za Kenya. Alikuta video zaidi ya 130 za uchochezi na uongo kutoka akaunti 33, zilizotazamwa zaidi ya mara milioni 4. Nikizisoma takwimu kama hizo huwa namfikiria mtu wa mbali, asiye na uso. Tarehe 18 niliwaona wakishuka kwenye matatu na masanduku yao ya bati. Simu walikuwa wameziacha nyumbani, lakini video walikuwa wamekuja nazo kichwani, na zikiwa kichwani hakuna prefekti anayeweza kuzinyang'anya. Kila moja ilisimuliwa upya bwenini, na kila msimulizi akaongeza chumvi yake. Wengine walikuwa wamehifadhi akilini namba za runinga tofauti za saa moja ileile, kwa sababu wakati wa kusubiri kila kituo kilijumlisha fomu zake kwa mpangilio wake. Hapa Raila anaongoza, pale Ruto anaongoza. Kwa mtu mzima ilichanganya. Kwa kijana wa miaka 16 ulikuwa ushahidi kwamba kila mtu anapika chake.

Wiki ya pili baada ya kufungua, Kidato cha Tatu, nafundisha ukadiriaji na makosa ya vipimo. Kijana mmoja wa dawati la pili akainua mkono. Ni mtoto mpole, kwao ni Siaya, baba yake anafanya kazi Nakuru mjini.

"Mwalimu, asilimia 0.01 ya 14,213,027 ni ngapi?"

Nikajua papo hapo mahali anapoelekea, na nikahisi joto likipanda shingoni. Namba hiyo ni jumla ya kura za wagombea wote wanne. Alikuwa ameitoa kwenye gazeti la maktaba, akajumlisha mwenyewe. Nikamwambia aje ubaoni. Akaandika, akazidisha, akapata 1,421. Akaweka chaki chini.

"Si 142,000, Mwalimu. Hiyo 142,000 ni asilimia 1 nzima. Mtu alisahau kugawanya kwa mia."

Darasa likalipuka. Nusu ya vijana walipiga makofi na madawati. Walikuwa wale ambao wazazi wao walimpigia kura Ruto, na kwetu ndio wengi. Nusu nyingine wakanyamaza wakimtazama kama mtu aliyefungua mlango usiku kwa wezi. Kisha mmoja wa nyuma, ambaye mama yake ni mwalimu mwenzangu, akasema kwa sauti ya chini lakini ya kusikika, "Lakini Mwalimu si uliandika hesabu haidanganyi?"

Nimesimama mbele ya madarasa miaka 8. Sijawahi kutamani kengele kama siku ile.

Nilikiri, ila kwa namna ya wakubwa: "Hata walimu hukosea," kisha nikakimbilia somo. Somo lenyewe, kusema kweli, lilikuwa tamu. Tuliandika kura za kila mmoja: Ruto 7,176,141, Raila 6,942,930, George Wajackoyah 61,969, David Mwaure 31,987. Tukagawanya kila moja kwa jumla. Ukikadiria kwa nafasi 2 za desimali unapata 50.49, 48.85, 0.44 na 0.23. Jumlisha: 100.01. Ukikadiria kwa nafasi 3 unapata 50.490, 48.849, 0.436 na 0.225. Jumlisha: 100 kamili. Tukajaribu nafasi 4, ikatoka 100.0001, wakacheka. Ile 0.01 haikuwa kura za mtu yeyote. Namba zote nne zilikuwa zimesukumwa juu kidogo katika kukadiria, na visukumo hivyo vikajumlishwa pamoja. Hakukuwa na hata hizo kura 1,421.

Nilitoka darasani nikijiona nimeponya kitu. Kumbe.

Kufikia chakula cha jioni kijana yule alikuwa na jina jipya: Desimali. Si jina la sifa. Wenzake waliokuwa wakikaa naye meza moja, wanaozungumza lugha yake, walihamisha sahani. Mmoja alimuuliza amelipwa nini. Upande wa pili, wale waliompigia makofi, walimbeba siku mbili kama shujaa. Siku ya tatu walianza kusema majaji wa Mahakama ya Juu, waliokuwa na kesi ya kupinga matokeo, wameshanunuliwa, uamuzi uko tayari mezani, na Desimali akauliza, kwa upole wake uleule, ushahidi uko wapi. Nao wakamzomea. Makofi ya darasani hayakuwa ya kuzidisha. Wangepiga makofi yaleyale kama angekosea kwa upande wao.

Hapo ndipo nilipoanza kuona ninachokiona mpaka leo. Nilikuwa nadhani hasara ya uongo wa kisiasa kwa kijana ni kwamba ataamini jambo lisilo la kweli. Hilo lipo, lakini linatibika kwa chaki na dakika 40. Kilichonishinda ni kile kilichobaki baada ya chaki: kijana anayekubali kabisa kwamba hesabu ni sahihi, kisha anauliza, "Sasa wewe uko upande gani?"

Na nilikuwa na kikwazo kingine. "Mwalimu, kwani 2017 korti haikufuta?" Ilifuta. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilibatilisha uchaguzi wa rais, kwa wingi wa majaji 4 dhidi ya 2, na moja ya hoja kubwa ilikuwa kwamba tume haikutii agizo la kufungua mitambo yake ikaguliwe. Kelele ya "fungueni server" haikuzaliwa hewani. Kwa hiyo siwezi kusimama paredi niwaambie watoto waamini tume kwa sababu ni tume. Uongo wa 2022 ulipanda juu ya bega la ukweli wa 2017, na ndiyo maana ulionekana mrefu. Tofauti ni kwamba safari hii tume ilikuwa imepakia fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya kila kituo, za vituo zaidi ya 46,000 kwenye tovuti yake, zikiwa wazi kwa yeyote mwenye bando. Niliwauliza walimu wenzangu nani amefungua hata moja. Tulikuwa 14 chumbani. Mmoja alikuwa amefungua ya kituo chake. Mimi sikuwa nimefungua yoyote.

Nije kwa usiku wa Jumapili tarehe 4 Septemba, mkesha wa uamuzi wa mahakama. Nilikuwa wa zamu. Umeme ulipotea saa tatu kasoro, jambo la kawaida kwetu mvua ikinyesha, lakini usiku ule bweni zima lilisema umekatwa kwa makusudi. Nilipita na tochi nikihesabu vitanda. Bweni la Kidato cha Kwanza lilikuwa kimya kupita kiasi. Kitanda cha pili kutoka mlangoni blanketi lilikuwa limevimba miguuni. Nikalifunua. Mtoto alikuwa amelala na viatu, kamba zimefungwa, na sanduku lake limefungwa kufuli kando ya mto.

"Mbona viatu?"

"Mwalimu, wanasema mjini kumechomwa."

Nilikuwa nimepita mjini saa kumi na moja jioni kununua mkate. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia hata bei ya mkate. Alinitazama tu, akavua kiatu kimoja kwa heshima yangu, kingine akabaki nacho.

Sikumkaripia, kwa sababu viatu vile nilivijua. Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, nilikuwa Kidato cha Pili, nyumbani kwetu Molo, na nililala na viatu wiki mbili. Enzi hizo hakukuwa na TikTok. Kulikuwa na SMS, na zilikuja usiku. Nyingine zilikuwa kweli, nyingine za kutungwa, na mama hakuwa na namna ya kuzitenganisha, kwa hiyo kila moja ilitutoa kitandani. Tume ya Jaji Philip Waki ilikuja kuhesabu watu 1,133 waliouawa nchini katika siku zile. Mtoto wa Kidato cha Kwanza wa 2022 alikuwa hajazaliwa, au alikuwa mgongoni. Lakini hadithi za viatu hurithiwa. Mtu akisema "mjini kumechomwa" katika Nakuru, hahitaji kuthibitisha. Nusu ya kazi imeshafanywa na bibi zetu.

Asubuhi nilifuatilia uvumi ule kama mtu anayefuata bomba lililopasuka. Mtoto aliusikia kwa wa Kidato cha Pili. Huyo aliusikia kwenye foleni ya chakula. Foleni iliupata dirishani pa jikoni. Mama wa jikoni, mtu mwema sana anayenihifadhia chai, alikuwa ameonyeshwa video na kijana wa boda anayeleta maziwa. Nikamwomba kijana wa boda anionyeshe. Matairi yanawaka, watu wanakimbia, sauti ya mtu anasema "ni leo hii". Nyuma yao kulikuwa na bango kubwa la kampeni, na tulipolikuza likasoma 2017. Video ilikuwa na miaka mitano. Ilikuwa imepita mikono ya watu wazima wenye simu mpaka ikafika kwenye bweni lisilo na simu.

Basi wageni wanaosema watoto wetu wamekingwa, nawaambia hivi: kijana wa bweni hana hata nafasi ya kukuza picha aone bango. Anapata uongo bila chombo cha kuupimia. Na anaupata kutoka kwetu.

Siku hiyo, tarehe 5 Septemba, majaji wote saba kwa kauli moja waliidhinisha matokeo. Jaji Mkuu Martha Koome alisoma muhtasari, na tuliwaruhusu vijana wasikilize redio bwaloni. Kuhusu kumbukumbu za mitambo zilizowasilishwa kama ushahidi wa udukuzi, mahakama ilisema baadhi zilikuwa za uchaguzi wa 2017 na nyingine za kughushi. Nusu ya bwalo ilishangilia. Nusu ikaguna. Sikuona hata mmoja ambaye msimamo wake wa saa sita ulitofautiana na ule wa saa nne. Hakuna aliyechoma chochote, wala mjini. Mtoto wa viatu alikula githeri yake akaenda darasani.

Mimi nilikuwa na deni langu. Nilirudi kwenye makundi yale matatu nikaandika kwamba nilichotuma hakikuwa sahihi, nikaweka na hesabu yake hatua kwa hatua. Kundi la walimu: kimya, na dole gumba moja. Wenzangu wa chuo: vicheko. Kundi la ukoo ndilo lililojibu kwa maneno. Baba mdogo, aliyenifundisha kuendesha baiskeli, aliandika: "Mwanangu, wamekupa pesa ngapi?" Swali lilelile aliloulizwa Desimali mezani. Ujumbe wangu wa kwanza ulikuwa umesambazwa mpaka ukanirudia kutoka kwa fundi wa viatu. Wa pili haukutoka nje ya kundi.

Kisha mambo yakaingia kwenye alama. Zamani kijana akidhani nimemnyima alama huja na karatasi yake, tunajumlisha pamoja, mara nyingi yeye ndiye mwenye haki. Muhula ule walilalamika zaidi kuliko mwaka wowote, na karibu wote hawakuja na karatasi. "Mwalimu ametuibia," wanasema korido, na wanaendelea na safari. Nilimfuata mmoja mpaka uwanjani: lete karatasi tuhesabu. Akatabasamu. "Aa, Mwalimu, hata tukihesabu, si wewe ndiye unashika kalamu?"

Oktoba ukaja uchaguzi wa baraza la wanafunzi. Naibu mwalimu mkuu alitaka tuahirishe. Nilimwomba aniachie. Tulitumia katoni ya unga wa ngano iliyozibwa kwa selotepu, kila mgombea akawa na wakala, tukahesabu ubaoni mbele ya kila mtu, mistari mitano mitano. Nafasi ya rais wa wanafunzi: mshindi kura 203, wa pili 192, zilizoharibika 6. Pengo ni kura 11. Kabla sijamaliza kutamka, mtu wa nyuma akapaza sauti: "Fungueni server!" Bwalo zima likaangua kicheko, na mimi pia nilicheka, lakini kwa siku kadhaa baadaye sikusikia kicheko. Nilisikia "vifaranga vya kompyuta", yaani viongozi walioanguliwa na mitambo badala ya kura, na kwamba mshindi ni wa kabila la nani, na kwamba katoni ilikuwa na sehemu ya chini iliyolegea.

Nilitangaza paredi kwamba katoni iko ofisini kwangu, juu ya kabati. Yeyote anayetaka kuhesabu upya aje, saa yoyote baada ya prepu, hahitaji ruhusa. Siku ya kwanza hakuja mtu. Ya pili hakuja mtu. Nilikuwa nimeshaanza kuandaa hotuba kichwani, ya jinsi wasivyotaka kuhesabu bali wanataka kulalamika tu, hotuba nzuri yenye uchungu mtamu, wakati siku ya nne Desimali alipobisha.

Alikaa sakafuni akazipanga kumi kumi. Ilimchukua saa nzima. Mimi nilisahihisha vitabu nikijifanya simtazami.

"Mwalimu, umekosea."

Karatasi moja ya yule wa pili ilikuwa imelala katika rundo la mshindi. Sijui mkono ni wa nani. Huenda ni wangu. Kwa hiyo ni 202 kwa 193. Pengo ni 9, si 11, kwa sababu kura moja ikihama pengo hupungua kwa mbili. Mshindi ni yuleyule.

Tulikaa kimya kidogo. Nilijua anachokifikiria kwa sababu nami nilikifikiria: nikisema, watasema walijua. Naibu, nilipomweleza, aliniambia niache, matokeo hayabadiliki, kwa nini nichokoze nyuki. Hoja yake haikuwa ya kijinga.

Jumatatu paredi nilisoma namba mpya. Kelele iliyozuka sijawahi kuisikia shuleni kwetu hata timu ikishinda. "Si tulisema!" Wiki nzima nilikuwa nikipita korido nasikia "kura moja, kura moja". Naibu hakunisemesha mpaka Alhamisi.

Alhamisi hiyohiyo, baada ya prepu, walibisha vijana watatu. Wawili walikuwa wakala na rafiki wa yule aliyeshindwa, na mmoja ndiye aliyehamisha sahani yake kule bwaloni. Walisema wamekuja kuhakikisha kama hakuna nyingine. Niliishusha katoni, nikawaonyesha sakafu, wakaanza kubishana nani apange na nani aandike. Kabla sijatoka kwenda kutafuta chai, mmoja akauliza kama wanaweza kumwita Desimali.